Baba, Safari Hii Mpande Pamoja

Kiwanda cha mbao, Ukinga
Mwezi wa saba

Baba yangu,

Shikamoo. Mugonile, Tata. Tafuta miwani yako kwanza, ukae, maana barua hii ni ndefu na sitaki usomewe na mtu mwingine. Mama akikuuliza nimeandika nini, mwambie ninawasalimu wote. Mengine utamwambia mwenyewe ukishayatafakari.

Goti lako linaendeleaje? Nimesikia mpunga wa bondeni umetoka vizuri, na kwamba siku hizi wanunuzi wa kakao wanafika mpaka mlangoni Makwale, kila mmoja na mzani wake. Zamani tulilalamika kwamba chama cha ushirika kinachelewa. Sasa hakuna anayechelewa, lakini uiangalie hiyo mizani, Baba. Pima gunia kwanza kwa jirani kabla hujampa mtu.

Mimi ni mzima, ukiondoa mguu. Najua Mama alikuficha, nami ndiye niliyemwomba akufiche. Mwezi wa tano gogo liliteleza tukiwa tunalipandisha kwenye msumeno mkubwa, likanibana chini ya goti. Mfupa umeunga, lakini umeunga upande. Natembea kwa mkongojo. Kwenye tambarare sina shida, ila kwenye mteremko inanibidi nikae chini na kujiburuta. Tajiri aliyenunua kiwanda hakunifukuza, na ninamshukuru Mungu, kwa sababu kila asubuhi kuna watu wamesimama getini wakingoja mmoja wetu aumie. Nimenusurika kwa kuwa kunoa misumeno ni kazi ya kukaa.

Nakueleza haya ujue kwamba siwezi kushuka kuwalaki. Ningekuwa na miguu miwili ningeshuka mpaka Matema, na barua hii nisingeiandika.

Wiki iliyopita yule mama mfinyanzi wa Ikombe alipanda na vyungu vyake vya mwisho kabla ya msimu wa kuchoma, kuja kubadilishana kwa viazi na ngano. Alinitafuta kiwandani, akatia mkono ndani ya chungu kimoja, akatoa barua mbili. Moja yako, moja ya mke wangu Anganile. Akaniambia kwamba moja alipewa mbele ya nyumba na nyingine nyuma ya nyumba, na kwamba hakuna kati yenu aliyejua habari ya mwenzake.

Wewe umeniandikia kwamba mwezi wa nane, mpunga ukishaingia ghalani, utapanda kuja kulitazama kaburi la mjukuu wako. Utakuja peke yako, umesema, na mke wangu asubiri aje na watu wengine, ili usimtie tena kwenye balaa. Anganile naye ameandika kwamba mwezi wa nane anataka kuja kwenye kaburi la mwanawe. Atakuja peke yake, amesema, ili mzee asipate taabu tena kwa ajili yake. Kila mmoja ameniomba nimpangie njia.

Nilizisoma zote mbili nikiwa nimekaa juu ya rundo la maganda ya miti. Nikacheka peke yangu. Halafu nililia, Baba, wala sioni aibu kukuambia.

Jibu langu ni kwamba haiwezekani. Njia ile haipandwi na mtu mmoja, na mwezi wa nane hakuna atakayewasindikiza. Wanawake wa Ikombe watakuwa wanachoma vyungu, hawapandi mpaka vimalizike. Mdogo wangu yuko Karonga na biashara yake ya vitenge. Kuzunguka na basi hadi Mbeya, na kutoka huko hadi huku, ni siku tatu na nauli ambayo hakuna kati yetu aliye nayo. Imebaki njia ya msituni, na mmebaki nyinyi wawili. Nimelifikiria jambo hili kila siku wiki nzima nikiwa na tupa mkononi.

Sasa nivumilie. Inabidi niyaseme mambo ya mwezi wa kumi na mbili, ingawa hakuna katika ukoo wetu aliyeyataja tangu tulipozika.

Mpango ule ulikuwa wangu. Si wako wala si wa Anganile. Unanijua, tangu mdogo mimi ni mtu wa kupanga. Mtoto alikuwa ametimiza miezi minane na sikuwa nimemwona hata siku moja, na tajiri alikuwa ameninyima ruhusa. Ndipo nikawaandikia mumlete. Niliandika kwamba Baba atangulie, Anganile afuate nyuma na Sekela mgongoni, na kati yao pawe na nafasi ya kutosha wasionane. Kwenye kila njiapanda Baba avunje tawi bichi na kulilaza upande wa kupita. Baba akitaka kupumzika asikae njiani, aingie kando. Baba akirudi nyuma kwa sababu yoyote akohoe, mwanamke ajue, aache njia.

Niliujivunia mpango huo. Nilimsomea mwenzangu mmoja wa hapa kiwandani, Mkinga, akauliza kwa nini wasitembee tu pamoja. Nikamweleza kwa kirefu kwamba kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake, haingii alimo, hatamki jina lake, na wakikaribia kukutana njiani yeye huacha njia na kugeuza uso. Kumwogopa mkwe, nikamwambia, ndiyo heshima yetu, na mwanamke asiyeogopa huleta ugonjwa nyumbani. Yule mtu akasema sawa, lakini msituni? Nikamwona mshamba.

Unakumbuka mvua ilivyowakuta. Mimi nilikuwa huku juu nikiitazama ikishuka ziwani. Mvua ile ilikuja na upepo, na upepo ukavunja matawi kila mahali, yote mabichi, yote yamelala njiani. Anganile alipofika kwenye lile gogo kubwa lililoanguka, pale njia inapogawanyika, aliona matawi pande zote mbili. Akashika ya kushoto, ile inayokwenda kwenye mashimo ya zamani ya wapasua mbao na kuishia hapo.

Wewe ulifika kijitoni, ukangoja, hukusikia mtu. Ukarudi. Mpaka hapa unajua. Kuanzia hapa hujui, na mimi sikujua mpaka mama mfinyanzi aliponieleza, kwa maana Anganile alimweleza yeye siku ile ile aliyomkuta, akamwapisha asiseme. Amekaa na siri hiyo miezi saba. Ameniambia imemchosha.

Anganile alikusikia, Baba.

Ulisimama pale kwenye gogo ukaita, “Weee, wa nyuma! Wa nyuma, weee!” Uliita hivyo kwa sababu jina lake hujawahi kulitia kinywani tangu nimuoe. Yeye alikuwa ameshagundua kwamba njia imekwisha na alikuwa anarudi. Alikuwa karibu, kama kutoka jikoni kwetu hadi zizini. Akakusikia unaita, kisha akakusikia unakohoa unakuja. Akafanya alivyofundishwa na mama yake, na nilivyomwandikia mimi mumewe. Aliacha njia, akaingia ndani ya mianzi, akageuza uso, akampa mtoto ziwa ili asilie. Ukapita. Ukarudi, ukapita tena. Alisema sauti yako ilikuwa inatetemeka mara ya pili, akataka kuitika, lakini mdomo ukakataa kwa kuwa haujazoea. Mkamwana haitiki sauti ya baba mkwe. Ulipokwenda akaitafuta njia, hakuiona tena.

Walimkuta jua linakaribia kuzama, wale mama wa Ikombe wakishuka, kwa sababu walisikia mtoto anakohoa ndani ya mianzi, wakageuka nao wakawaleta huku juu.

Yaliyofuata tuliyaona wote. Kifua kilimbana Sekela, na siku ya tatu akatutoka. Nilimpakata siku mbili. Ndizo siku zangu zote na mwanangu. Na kaburini, Baba, nilikuona. Ulisimama mbali, nyuma ya miti ya misindano, umevua kofia mvuani, kwa sababu Anganile alikuwa amekaa kwenye udongo na wewe usingeweza kusogea alipo. Mjukuu wako alizikwa nawe hukumwaga hata konzi moja ya udongo. Siku ile nilikuona mtu wa heshima sana. Sasa nikikumbuka nasikia uchungu.

Mama ameniandikia kwamba huli vizuri, na kwamba ulimwambia, “Nimemuua mtoto kwa matawi.” Anganile naye ameniandikia kwamba hali vizuri, hakusema kwa nini, lakini sasa najua anachojiambia. Mnaishi kwenye kiwanja kimoja, mnagawana ukuta wa matete, kila mmoja amejitwika mzigo uleule na hawezi kumwambia mwenzake autue. Nami niliyepanga yote nanoa misumeno huku kileleni. Watu husema majuto ni mjukuu. Msemo huo siwezi kuutamka tena.

Basi, huu ndio mpango wa safari hii. Ufuate kama ulivyo.

Ondokeni Makwale Ijumaa, mlale Matema kwa shangazi. Hapo shikeni desturi yenu, sina neno. Wewe ulale sebuleni, Anganile jikoni na shangazi. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri muwe mmeshatoka. Wewe na goti lako mnahitaji kuumaliza mlima wa majani kabla jua halijawa kali, kwa sababu pale hakuna kivuli hata cha kumficha kuku. Usiende haraka kuonyesha kwamba bado unaweza. Najua unaweza. Kila mnapoona ziwa lote chini yenu, kaeni mnywe maji.

Shangazi apike wali usiku wa kuamkia, aufunge kwenye majani ya mgomba, na ndizi za kuchemsha. Kule juu mtu mwenye njaa hupatwa na baridi upesi. Nimempa mama mfinyanzi masweta mawili ya mitumba awaletee. La kijani ni lako, hilo jekundu ni la Anganile. Nimempa na kamba ya kiwandani, si ya katani, hii haiozi. Wewe ushike panga. Kiberiti mkifunge kwenye nailoni.

Msitu mtauingia kama saa tatu. Humo njia ni nyembamba na ina mizizi, na asubuhi inateleza hata wakati wa kiangazi kwa ajili ya ukungu. Mtembee pamoja. Simaanishi mmoja mbele na mwingine mahali anaposikika. Namaanisha karibu, mtu akiteleza mwenzake amdake.

Mtafika kijitoni. Zamani palikuwa na magogo mawili ya kuvukia, wewe ulivuka juu ya yote mawili. Mama mfinyanzi anasema moja lilichukuliwa na mafuriko ya masika. Lililobaki ni jembamba, na chini yake ni mawe. Wao huvuka wameshikana mikono, mmoja anasimama kwenye jiwe la katikati anampokea mwenzake. Hakuna namna nyingine. Funga kamba kwenye mti, utangulie wewe, kisha unyooshe mkono, umshike Anganile umvushe.

Nimeona ukiiweka barua chini hapo. Iokote, Baba.

Najua utakachosema. Utasema mwacha mila ni mtumwa. Utasema baba yako hakuwahi kuuona uso wa mama yangu mpaka anakufa, na hiyo ndiyo sababu nyumba yetu ilisimama. Sibishi. Na mchungaji anapohubiri kwamba mambo haya si ya lazima, nakumbuka unavyoitikia amina kwa sauti, halafu ukitoka kanisani unapita njia ya mtoni usikutane na mkamwana. Tulikuwa tunakucheka, mimi na mdogo wangu. Sikucheki leo.

Utasema pia kwamba mwiko ukivunjwa, madhara humpata mwanamke, hazai tena au anaugua. Hilo najua ndilo hasa unaloliogopa, kwa sababu huiogopei nafsi yako, unamwogopea yeye. Lakini niambie, ni madhara gani yaliyobaki ambayo hayajampata? Kama yapo, nimeyaomba mimi, yaje kwangu.

Heshima uliyofanyiwa msituni, sijawahi kusikia mkwe mwingine aliyefanyiwa. Alikuheshimu huku mvua inampiga na mtoto anatetemeka kifuani mwake. Heshima ile imetimia. Hakuna kitu kingine anachoweza kuongeza juu yake. Sasa ni zamu yako wewe mkubwa kusogea, maana yeye hawezi. Akisogea yeye watu watasema hana adabu. Ukisogea wewe, nani Makwale nzima atamwambia mzee kama wewe kwamba hakulelewa?

Sikuombi uubomoe ukuta wa matete nyumbani. Mkirudi, mkiona vema kila mtu akae upande wake, mkae. Nakuomba njia moja tu, kutoka Matema mpaka kaburini. Kaburini msimame upande mmoja, wewe na yeye na mimi. Ubao wa msalaba nimeshaupasua na kuulainisha, nimeuacha ndani bila kuusimika. Tutausimika watatu. Udongo ambao hukumwaga siku ile, utaumwaga.

Mkitoka kijitoni imebaki mianzi, halafu ukungu, halafu mtaona viazi vya watu, na mimi nitakuwa nimekaa hapo msitu unapoishia tangu saa sita mchana, na mkongojo wangu. Msipoonekana saa tisa nitaingia msituni kwa makalio.

Nimeliacha la gogo mwisho, ingawa gogo liko kabla ya kijito, kwa sababu limeniwia gumu kuliandika. Mkifika pale njia inapogawanyika, usivunje tawi. Panga likae kwenye ala. Simama, geuka nyuma, umwangalie usoni, kisha umwite kwa jina lake. Anaitwa Anganile. Nimeliandika wazi ili ulizoee machoni kabla hujalizoea mdomoni. Mwite hata kama amesimama hatua mbili kutoka ulipo.

Msalimie Mama, umwambie mchele ulifika mkavu na niliugawa. Msalimie shangazi wa Matema, nisamehewe kwa kumjazia wageni. Mdogo wangu akipita kutoka Karonga mwambie kaka yake ana mguu mbovu na bado anaweza kumchapa. Mchungaji mpe salamu za heshima, lakini barua hii usimwonyeshe. Ndaga fijo, Tata, kwa kunisomesha mpaka nikaweza kukuandikia maneno ambayo nisingethubutu kuyasema nikiwa mbele yako.

Anganile nimemwandikia barua yake. Mama mfinyanzi atampa nyuma ya nyumba, kama ilivyo kawaida yenu. Sikumwandikia habari za kamba wala za sweta, hayo utamweleza wewe mkiwa njiani. Barua yake ina mstari mmoja tu. Nimemwambia, mzee akikuita, itika.

Mwanao,
Gwakisa